Mkalimani wa Askofu

Wanachama wenzangu wanapoombwa kueleza jinsi Kiswahili kilivyowafikia, wengi humkumbuka mwalimu fulani, ama redio iliyowekwa dirishani jioni wakati wa taarifa ya habari. Mimi humkumbuka askofu. Naomba msomaji asikimbie kwa kudhani kwamba nataka kumhubiria. Sina mamlaka hayo na, kama atakavyoona, sifa zangu mbele ya maaskofu si za kujivunia. Nataka kusimulia siku moja niliyofanya kazi ya mkalimani, na kueleza kazi ya askofu ilivyokuwa katika nchi yetu ya Kisii na Nyamira, ambako nilipokuwa nikikua askofu wa Kianglikana alikuwa mgeni afikaye na gari lililochafuka matope.

Nianze na neno lenyewe, kwa kuwa hili ni jarida la watu wa lugha. Neno askofu tumelipokea kutoka Kiarabu, nao Waarabu walilipata kwa Wayunani, ambao kwao lilikuwa na maana ya mtu anayeiangalia kazi ya wengine. Waliotafsiri Biblia ya Muungano, iliyotoka mwaka 1952, walilifasiri neno hilo moja la Kiyunani kwa njia mbili. Katika waraka wa Paulo kwa Timotheo waliandika askofu; katika Matendo ya Mitume, Paulo anapowaaga wazee wa Efeso, waliandika waangalizi. Tofauti hiyo imenishughulisha mara nyingi. Askofu ana kofia ndefu, fimbo na pete. Mwangalizi ana macho tu. Aidha, Paulo anapomwandikia Timotheo juu ya jambo hili analiita kazi, hasemi cheo.

Katika Afrika Mashariki kazi hiyo ilianza kwa damu. James Hannington, askofu wa kwanza aliyekabidhiwa eneo hili lote, aliuawa Busoga mwezi wa Oktoba 1885 kabla ya kufika Buganda alikokuwa akienda. Dayosisi ya Mombasa iliundwa mwaka 1898, lakini watu wa Nyanza hawakuwa chini yake. Hadi mwaka 1921 walihesabiwa pamoja na Uganda, na J. J. Willis, aliyeanza kazi Maseno mwaka 1906, alifanywa askofu wa Uganda mwaka 1912. Mwafrika wa kwanza wa upande wetu kuvikwa uaskofu alikuwa Festo Olang'. Aliwekwa wakfu Namirembe, Kampala, tarehe 15 Mei 1955, pamoja na Obadiah Kariuki, Yohana Omari wa Tanganyika na Daniel Deng Atong wa Sudan. Mwaka 1961 Olang' akakabidhiwa dayosisi mpya ya Maseno, na mwaka 1970 akawa Askofu Mkuu wa kwanza wa jimbo la Kenya. Mwaka huo huo Maseno iligawanywa, Kaskazini na Kusini. Henry Okullu akaiongoza Maseno Kusini kuanzia mwaka 1974 hadi 1994. Baadaye sehemu ya chini ya dayosisi hiyo ilimegwa ikawa Dayosisi ya Southern Nyanza, yenye makao yake Homa Bay, kando ya ziwa.

Na Gusii ilikuwa wapi katika hayo yote? Pembeni. Wakatoliki walifungua misheni Nyabururu mwaka 1911, Waadventista wakafuata Nyanchwa baada ya muda mfupi, na mwaka 1914, Wajerumani walipouvamia mji wa Kisii na Waingereza wakaondoka kwa siku chache, vituo vyote viwili viliporwa na wenyeji. (Uporaji, msomaji ataona, utarudi katika insha hii.) Wakatoliki walipata dayosisi yao ya Kisii mwaka 1960, na askofu wake wa kwanza alikuwa Maurice Otunga, ambaye baadaye alifanywa kardinali. Waanglikana waliingia kwa mlango wa nyuma. Kwa sehemu kubwa walikuwa makarani, askari na walimu kutoka ziwani na kwingineko waliohamia mjini, pamoja na Wagusii waliokutana na kanisa hilo walipokuwa vibarua mbali na kwao.

Nyanya yangu alikuwa mmoja wa vibarua hao. Alichuma chai Kericho akiwa msichana, akabatizwa huko, kisha akaolewa na kuja kuishi Borabu, upande ule wa Nyamira unaopakana na Sotik, katika ardhi ambayo Wagusii walipewa walowezi wa Kizungu walipoondoka. Kijijini petu tulikuwa Waanglikana wa kuhesabika. Jumamosi kijiji kizima kilinyamaza kwa ajili ya Sabato; Jumapili tulinyamaza sisi peke yetu huku majirani wakipasua kuni. Kanisa letu lilikuwa la mabati na sakafu ya udongo, na kasisi wetu aligawanya Jumapili zake baina ya makanisa kadhaa, hivi kwamba mara nyingi aliyetuongoza ni katekista.

Katika utaratibu wa Kianglikana mengi hufanyika bila askofu. Mtu anaweza kubatizwa, kuozwa na kuzikwa asipate kumwona hata mara moja. Yako hata hivyo mambo ambayo ni yeye tu anayeweza kuyafanya: kumweka mtu awe shemasi au kasisi, kuliweka wakfu jengo la kanisa, na kuwawekea mikono waliobatizwa, yaani kipaimara. Hata uaskofu wenyewe hautoki kwa mtu mmoja, kwani kwa desturi maaskofu wasiopungua watatu hukusanyika kumweka mwenzao. Basi nyanya yangu aliyebatizwa angali msichana alikuwa bado hajapata kipaimara akiwa na wajukuu walio katika sekondari. Kila mara palitokea jambo: mvua, kifo, mazao. Hakulalamika. Alisema kwamba mikono ya askofu ina njia ndefu.

Watu huona maandamano na kofia. Wasichoona ni chumba cha nyuma. Kabla ya ibada askofu huketi humo na wazee wa kanisa, mlango ukiwa umefungwa, na humo ndimo kazi yenyewe ilimo: kiwanja cha kanisa ambacho hati yake ingali katika jina la marehemu, fedha za mabati ambazo mweka hazina na katekista wanazihesabu tofauti, akina mama wasiomtaka mwenyekiti wao, shule ambayo kanisa linaifadhili na ambayo mwalimu mkuu wake hasemezani na kasisi. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tukisikiliza kutoka nje, chini ya dirisha. Sauti za wazee zilipanda na kushuka. Sauti ya askofu hatukuisikia karibu kabisa, na nilidhani ni kwa sababu hakuwa na la kusema. Sasa nimekaa katika kamati za kutosha kujua kwamba huenda yeye ndiye aliyekuwa akifanya kazi kuliko wote.

Kisha kulikuwa na suala la lugha. Maaskofu waliotufikia walikuwa watu wa ziwani. Walimwita Mungu Nyasaye na sisi tulimwita Nyasae, na kwa hivyo neno hilo moja tulielewana bila msaada. Mengine yote yalihitaji Kiswahili, na kutoka Kiswahili yalihitaji mtu wa kuyapeleka katika Ekegusii kwa ajili ya wazee. Vijana tuliona fahari kuelewa kabla ya tafsiri. Tulicheka nusu dakika mapema kuliko bibi zetu.

Sasa nije katika mwaka 2008. Uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 ulipoharibika, sisi wa mpakani tulikaa wiki kadhaa tukitazama moshi wa mbali. Tarehe 31 Januari 2008 mbunge wa Ainamoi, David Kimutai Too, aliuawa kwa risasi mjini Eldoret, na mpaka wa Borabu na Sotik ukawaka. Soko la Chepilat, lililosimama juu ya mpaka wenyewe, lilichomwa. Nyumba ziliungua pande zote mbili, za Wagusii na za Wakipsigisi, na walioishi karibu na barabara walilala makanisani na shuleni. Nyumba ya mama mkubwa ilikuwa miongoni mwa zilizoungua. Mkataba wa Kibaki na Raila ulitiwa sahihi tarehe 28 Februari, lakini kabla ya tarehe hiyo, usiku mmoja, baba mdogo alikuja na mwenzake wakiwa wamebeba cherehani ya kukanyaga, pamoja na meza na vyuma vyake. Hakuna aliyeuliza ilikotoka. Baada ya wiki mbili hivi mama akaanza kuishonea. Ule mkanda wake wa ngozi ulipokatika alinunua mpya Keroka. Kwa mwaka mmoja na nusu cherehani hiyo ndiyo iliyonilipia karo.

Mwaka uliofuata, katika likizo ya Agosti, ikatangazwa kwamba askofu anakuja kutoa kipaimara. Tulikuwa watu zaidi ya 30, nyanya na mimi tukiwamo. Nilikuwa kidato cha pili. Wasichana walihitaji magauni meupe, na magauni hayo mama aliyashona yote, usiku na mchana, juu ya cherehani ile. Siku mbili kabla ya ibada katekista, aliyekuwa mkalimani wetu wa siku zote, akaugua malaria. Kasisi akaja nyumbani kuniomba. Nilikuwa nimepata tuzo ya insha shuleni muhula uliotangulia, na habari hizo mama alikuwa amezieneza kanisa zima. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Jina la askofu sitalitaja, na maneno yake nayatoa katika kumbukumbu ya kijana wa miaka 15. Alichelewa kwa sababu ya barabara. Kutoka Homa Bay hupita Rongo, Kisii na Keroka, na kipande cha mwisho kilikuwa tope tupu. Alipoingia alitusalimu kwa Ekegusii, “Bwakire buya!” ilhali saa zilikuwa za adhuhuri na hiyo ni salamu ya asubuhi. Kanisa zima lilicheka na kumpenda papo hapo. Nilisimama kushoto kwake nikiwa nimevaa shati jeupe lililotoka nyumbani mwetu.

Alihubiri juu ya Zakayo. Alizungumza sentensi moja moja, akinipa nafasi, na nilizipeleka kwa wazee kama mtu anayegawa maji. Nilijisikia mkubwa. Nilimpandisha Zakayo mtini, nikamshusha, nikampeleka nyumbani na mgeni wake. Ndipo askofu akafika pale Zakayo anapoahidi kurudisha alichokinyang'anya. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, kwa sauti isiyopanda, kwamba katika mpaka huu kuna vitu vilivyovuka usiku. Vitu hivyo vinajulikana na walio navyo wanajijua. Akasema kwamba mtu anayekaa na kitu cha jirani anakaa na wizi, hata kama jirani huyo ndiye aliyemchomea nyumba. Virudisheni, akasema, msiningojee mimi nije tena.

Mama alikuwa ameketi safu ya tatu. Alielewa. Nilimwona akiitazama mikono yake.

Nikawageukia wazee na kusema kwa Ekegusii: askofu anatuomba tusameheane na majirani zetu, tudumishe amani. Wazee wakaitika amina, kwa furaha. Askofu aligundua kwamba maneno yake mengi yalikuwa yametoka machache. Alinitazama akaniuliza polepole, “Ndiyo yote?”

“Ndiyo yote, Baba Askofu.”

Akaendelea na mahubiri yake. Baada ya muda usiozidi nusu saa nilipiga magoti mbele yake, akaniwekea mikono kichwani, akamwomba Mungu kwa jina langu. Mikono hiyo ilikuwa mizito kuliko nilivyotazamia, na yenye joto. Nyanya alipiga magoti karibu nami, akishikwa kiwiko na mama, kwa kuwa magoti yake yalikuwa yameshaanza kumsumbua.

Wasomaji wa umri wangu tumelelewa juu ya masimulizi ya maaskofu mashujaa. Okullu aliyedai vyama vingi wakati ambapo wanasiasa walinong'ona. David Gitari aliyeupinga uchaguzi wa mlolongo, na nyumba yake ikavamiwa usiku wa mwezi wa Aprili 1989. Alexander Muge wa Eldoret, aliyeonywa na waziri mmoja asikanyage Busia, akaenda, na akafa katika ajali ya barabarani tarehe 14 Agosti 1990 akirudi kutoka huko. Nawaheshimu wote. Lakini nimekuja kuona kwamba anayeikemea serikali, pamoja na hatari zote zinazomkabili, ana watu nyuma yake wanaopiga makofi. Anayewakemea watu wenyewe hana wa kumpigia makofi. Mwezi wa Februari 2008 Baraza la Kitaifa la Makanisa lilikiri hadharani kwamba viongozi wa kanisa walikuwa wameegemea pande katika uchaguzi ule. Ungamo hilo lilikuwa la haki. Siku zile watu wengi walijua askofu yupi yuko chama gani, na mara nyingi ilitosha kujua alikozaliwa.

Hapa ndipo panaponiweka njia panda. Wazee wetu walitamani siku zote kuwa na askofu wa kwetu, aliyenyonya Ekegusii pamoja na maziwa ya mama, mwenye kiti chake hapa milimani. Nilipokuwa mwaka wa kwanza chuoni nililitetea jambo hilo kwa ukali katika mjadala wa wanafunzi Wakristo, na hoja zangu zilikuwa nzuri: umbali, lugha, na haki ya kila watu kumsikia mchungaji wao bila mkalimani. Dayosisi nyingi za Kenya zimezaliwa kwa hoja hizo hizo, na mipaka yake inafanana mno na mipaka ya makabila. Katika Borabu upande wa pili wa barabara ulikuwa chini ya askofu mwingine. Mpaka wa kanisa na mpaka wa moto ulikuwa mmoja.

Je, askofu Mgusii angeisema sentensi ile? Pengine angekuwa na binamu katika safu ya tatu. Pengine nyumba ya dada yake ingekuwa miongoni mwa zilizoungua, na neno wizi lingemkwama kooni. Kasisi wetu, aliyekuwa mtu mwema na aliyeishi nasi, hakulisema kwa mwaka mmoja na nusu. Mgeni alilisema na akaondoka kabla ya jua kutua. Kwa upande mwingine, kama lingesemwa kwa Ekegusii nisingepata nafasi ya kulimeza. Hoja hizi mbili nimezipima kwa miaka mingi na mizani inakataa kutulia. Emily Onyango alipowekwa kuwa askofu msaidizi wa Bondo mwanzoni mwa mwaka 2021, na Rose Okeno alipowekwa kuwa askofu wa Butere mwezi wa Septemba mwaka huo, nilifurahi kama wengi walivyofurahi. Siku ile ya Butere, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwakataza wanasiasa kuhutubu kanisani, na nchi nzima ikaijadili amri hiyo kwa wiki kadhaa. Mimi nilikuwa nikijiuliza ni nani katika makanisa madogo ya nchi hii aliyekuwa amesimama kushoto kwa askofu wake Jumapili hiyo, na alikuwa akiyafanya nini maneno yake.

Jioni ya kipaimara changu tulikula kuku. Wageni walipoondoka nyanya aliniita karibu na moto, akaniuliza kwa Ekegusii askofu alisema nini pale kwa Zakayo. Nikamwambia: tusameheane, tudumishe amani. Aliukoroga moto kwa kijiti kwa muda. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, nikamsikia akizungumza Kiswahili.

“Yeye alisema, mtu iko na kitu ya jirani, hiyo ni wizi. Hata kama jirani ilichoma nyumba.”

Kilikuwa Kiswahili cha mashamba ya chai, alichojifunza miaka mingi kabla mama yangu hajaolewa. Sarufi yake ingepata alama mbaya kwa mwalimu yeyote. Maana ilikuwa kamili. Mimi niliyetuzwa kwa insha sikuwa na la kujibu. Akarudi katika Ekegusii na kuniuliza nani alinipa ruhusa ya kumpunguza askofu.

Kesho yake asubuhi aliifunika cherehani kwa shuka. Hakumkataza mtu kwa maneno, lakini katika nyumba yetu shuka la nyanya lilitosha. Mama alilia, na nasema kweli kwamba hoja zake hazikuwa nyepesi. Watoto watakula hilo shuka? Na mabati ya dada yake yaliyoungua, nani ameyarudisha? Askofu alikuja kwa gari, akaenda kwa gari. Yeye analipa karo ya nani? Nyanya hakumjibu hata moja kati ya hayo, na sijui kama yana jibu. Muhula wa tatu nilirudishwa nyumbani mara mbili kwa ajili ya karo, na mara ya pili nilikaa wiki tatu. Mama alichuma chai ya watu. Mimi nilichuma pia, na vidole vyangu vikawa vyeusi kwa utomvu.

Kumpata mwenyewe kulichukua muda. Nyanya alikuwa na rafiki wa ujana wake upande wa Sotik, Mkipsigisi waliyechuma pamoja Kericho, na walikuwa hawajaonana tangu moto. Alimtumia salamu kwa mchuuzi wa mboga. Jibu lilikuja baada ya majuma mengi: kulikuwa na mama mshonaji aliyepoteza duka Chepilat, naye alikuwa amerudi, akishona kwa mkono chini ya turubai.

Mwezi wa Desemba tuliipakia cherehani katika mkokoteni. Baba mdogo alisukuma. Hakusema neno tangu nyumbani, na tulipofika Chepilat, ambapo baadhi ya maduka yalikuwa yamejengwa upya na mengine yangali kuta nyeusi, aliegesha mkokoteni kando ya barabara akakataa kwenda mbele zaidi. Nyanya na mimi tukatafuta vijana wawili wa kutusaidia. Yule mama alikuwa ameketi na nguo mapajani. Nyanya alimsalimu, “Chamgei,” na wakazungumza Kikipsigisi kwa muda, kwa sauti za chini, bila kutazamana sana. Ilikuwa lugha ya tatu kinywani mwake, na safari hii hakuna aliyehitaji mkalimani.

Mama yule hakuuliza ni nani aliyeichukua. Hakushukuru pia. Aliizunguka cherehani, akafungua droo moja baada ya nyingine, akalizungusha gurudumu kwa kiganja, akainama na kukitazama kikanyagio. Aliuona mkanda. Aliufungua taratibu, akautoa, akaukunja, kisha akanipa mimi.

“Huu si wangu,” alisema kwa Kiswahili.

Nyanya aliutia katika kikapu chake. Tulirudi tulikomwacha baba mdogo, tukashika njia ya nyumbani na mkokoteni mtupu ukirukaruka juu ya mawe. Tulipokaribia kufika aliniuliza, bila kunitazama, kama nadhani mkanda ule ungeweza kuuzika Keroka. Nikamwambia sijui.